Daftari la Tano Tupu

Kazi yangu ya mwisho ya mshahara ilikuwa kusikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya tisini kampuni moja ya kahawa iliniajiri Jinja. Ilikuwa na ghala Mbale, na simu ya posta ya ghala hilo ilikuwa imekufa tangu wezi walipokata waya. Kilichobaki kati yetu ni redio koli ya kampuni, ile ya kubonyeza kitufe ukiongea na kukiachia usikilize, na mimi ndiye niliyekaa mbele yake. Redio nilijifunza nikiwa polisi, kama nilivyojifunza Kiswahili.

Kila siku saa tatu asubuhi, kabla ya mazungumzo ya biashara, nilitakiwa kupima sauti. Fundi aliyefunga mitambo alituachia kadi. Kila kadi ilikuwa na maneno kumi yasiyohusiana: kikombe, daraja, mjomba, chumvi, namna hiyo. Mimi nasoma, Mbale anarudia. Kisha yeye anasoma, narudia mimi. Kila mmoja anaipa sauti ya mwenzake alama: maneno yote yakipita, tunaandika tano daftarini. Alama ikishuka chini ya tatu, kazi inasimama mpaka betri, waya na mlingoti wa antena vikaguliwe.

"Msisome kadi moja siku mbili," alituonya. "Ukishajua neno linalokuja, utaamini umelisikia."

Niliziweka kadi kwenye droo baada ya miezi michache. Zilinichosha. Badala yake tukawa tunahesabu moja hadi kumi, jambo la nusu dakika. Uamuzi huo ulikuwa wangu peke yangu. Mwenzangu wa Mbale, mama wa Kiislamu aliyezaliwa mjini humo na ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, si cha kambini kama changu, hakuupenda.

"Afande," aliniambia mvua za kwanza zilipoanza, "leo unaongea ukiwa ndani ya mtungi."

"Umesikia moja hadi kumi?"

"Nimesikia moja, nimesikia kumi. Katikati nilijua tu kwamba utapita hapo."

"Basi umesikia. Andika tano."

"Haya. Tano ya Afande."

Mimi nilimsikia yeye vizuri, hata jogoo wa jirani yake nilimsikia, kwa hiyo niliona anadeka. Tena meneja alikuwa akiwaonyesha wageni daftari langu. Alifungua kurasa na kusema, "Tazama, tano tupu," na mimi nikasimama wima kama niko gwaride. Nilikuwa nimesikia kwamba atatafutwa mkuu wa mawasiliano wa maghala yote. Sikutaka tatu iingie katika daftari lile.

Mvua iliendelea. Kila asubuhi Mbale alichelewa kunijibu kidogo zaidi. Siku nyingine nilipomaliza kuhesabu alibonyeza kitufe nami nikasikia kwanza pumzi yake tu, kama mtu aliyetega sikio mlangoni. Kisha anasema, "Tano." Asubuhi moja aliongeza, "Afande, siku moja tutakuwa na jambo la kweli la kuambiana." Nilimjibu, "Dada, wewe hesabu tu." Hakutania tena baada ya hapo.

Siku yenyewe niliandika tano kama kawaida. Saa tano kasorobo fundi wa magari aliingia ofisini mbio, mikono imejaa mafuta, ameshika paipu ya breki iliyopasuka. Ilikuwa mpya. Lori moja lilikuwa limegonga ukuta wa yadi kwa sababu yake, kwa bahati likienda polepole.

"Paipu za boksi moja na hii nimefunga kwenye gari mbili," alisema. "La pili liko Mbale. Zuia lisipande mlima!"

Lori hilo lilikuwa likipakua magunia matupu ghalani, na saa saba lilitakiwa kupanda milimani kuchukua kahawa. Dereva wake nilimfahamu. Kila akirudi aliniletea ndizi kutoka Busiu, njiani kuja Jinja, na alikuwa hapokei hata asante.

Nilibonyeza kitufe nikaita. Nilisema lori lisiondoke, breki ni mbovu. Nikaachia kitufe.

"Jinja, Jinja, sikupati," alijibu mama wa Mbale, sauti yake safi kama yuko upande wa pili wa meza.

Nilirudia. Nilipiga kelele. Nilijaribu neno moja moja.

"Nasikia kama maji tu. Sema tena, Afande."

Tulikwenda hivyo mpaka meneja akatuma pikapu iende Mbale, saa mbili na nusu za barabara. Mimi nilibaki nikiita. Kila aliponijibu nilisikia ghala lile nyuma yake: magunia yakitupwa, watu wakicheka. Ilipokaribia saa saba dereva mwenyewe alichukua kipaza sauti.

"Afande, wewe nalala ama? Ndizi yako ya Busiu iko hapa. Kesho nakuletea."

"Usiondoke!" nilisema. "Usiondoke, ndugu yangu, breki!"

"Hii mashine imekufa," nilimsikia akimwambia yule mama. Kisha injini ikawaka. Niliisikia ikitoka getini mpaka mama akaachia kitufe.

Pikapu ilifika nusu saa baadaye. Lori walilikuta chini ya kona ya tatu ya mlima, limelalia ubavu wa dereva. Alinusurika. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Kesho yake tulipanda juu ya paa la ofisi yangu. Waya wa mlingoti ulikuwa umeingia maji kwenye kiungo, hatua chache juu ya kiti changu; sauti iliyoingia ilipita, iliyotoka ilifia hapo. Kuutengeneza kulichukua chini ya saa moja. Alama nilizompa Mbale zilikuwa za kweli siku zote. Za uongo ni zile nilizomlazimisha yeye anipe mimi.

Niliacha kazi, lakini nilikaa karibu mwaka kabla ya kwenda kumwona dereva nyumbani kwake Nabuyonga, mjini Mbale. Nilishuka Busiu kwanza nikanunua mkungu. Mkewe alinipokea kwa heshima, akaupeleka jikoni. Tuliongea habari za mvua na watoto. Kisha dereva akaniuliza, bila hasira, "Mama wa redio alinieleza ile kuhesabu yenu. Siku ile asubuhi, wewe naandika ngapi?"

Ningeweza kusema sikumbuki.

"Tano," nilisema.

Dereva aligeukia upande wa jikoni. Halafu akamwita mkewe.

"Ile ndizi, mrudishie Afande."

Niliubeba mkungu ule mpaka Jinja, nimeupakata mapajani.