Siku Niliyoosha Kokoto

Mume wangu ni fundi bomba na mimi ni msafishaji wa wodi hospitalini. Maana yake sote wawili tumeishi kwa uchafu wa watu wengine, ila mimi nauondoa na yeye anauonyesha njia ya kupita. Mtaani wanamwita Spana. Mimi manesi wananiita Mama Deki, na jina hilo silichukii, kwa sababu sakafu yangu hata ukiilamba hutaumwa tumbo. Nina kinyaa, nasema wazi. Nikiona unywele kwenye sabuni siku yangu imeharibika.

Mwaka juzi Spana alidondoka kutoka darini akimfungia mtu tangi, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga. Daktari akasema sasa simama, tembea. Hakusimama. Alilala amegeukia ukuta miezi minane, ananijibu kwa "mh" na "mh-mh," nikawa kama nimeolewa na mgongo. Nilimbembeleza, nikamfokea, mwisho nikamwita wifi yangu, dada yake mkubwa, mwanamke mwenye ulimi wa kumwamsha maiti. Wifi alimsema asubuhi nzima, akaondoka anafuta machozi. Nilikuwa namwona mtu anaisha mbele ya macho yangu, na hospitali ilishasema hana ugonjwa.

Kilichomgeuza hatukuwa sisi. Ilikuwa video kwenye simu yake. Mtu anafuga samaki kwenye tangi nyuma ya nyumba. Pampu inapandisha maji ya samaki kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa mboga. Mboga zinakula uchafu wa samaki, maji yanarudi chini safi. Spana aliitazama mara kumi, akakaa kitako, akasema, "Nipe ile kalenda ya mwaka jana, na kalamu."

Alichora nyuma ya miezi yote kumi na miwili. Alipomaliza Desemba akaomba mkongojo wake, akatoka uani kupima. Nililia jikoni, nikajifanya ni vitunguu.

Kazi ya fundi ni kazi ya fundi, hilo simnyimi. Tangi la lita mia tano akaliweka chini kivulini. Pipa la bluu akalipasua katikati kwa urefu, akapata vitanda viwili, akavipandisha juu ya matofali. Kokoto hakuzimwaga hivi hivi. Alichukua siki yangu ya jikoni, akazinyunyizia, na zilizotoa povu akazitupa, akisema zina chokaa na zitamharibia maji. Kwenye kila kitanda alisimamisha bomba fupi lenye kofia, ili maji yakifika kimo fulani yafyonzwe yote kwa mkupuo, mizizi ipate hewa. Likaanza kufanya kazi. Kila robo saa uani kwangu palisikika mtu asiyeonekana akimeza kwa pupa.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku moja nafagia chini ya kitanda chetu, ufagio ukagonga dumu la lita tano. Nikalivuta. Lilikuwa limejaa kitu cha rangi ya chai.

"Baba watoto, nini hiki?"

"Mkojo."

"Wa nani?"

"Wangu. Usiufungue, unaiva."

"Unaiva?"

"Vijidudu vya kwenye kokoto haviwezi kuanza kazi bila chakula. Siwezi kuleta samaki kabla havijazaliana, watakufa. Kwa hiyo navianzishia na huu. Ukishaiva nitakuwa naviwekea kikombe kimoja kila siku."

"Mimi kutwa namwaga mikojo ya watu hamsini, nikirudi nilale juu ya wa kwako?"

Dumu likahamia nyuma ya choo siku ileile. Lakini kikombe alikimimina kweli, kila asubuhi, kwa wiki sita. Alikuwa na vichupa vya kupimia maji. Anakidondoshea kimoja dawa, anakitikisa, anakiinua kwenye mwanga kutazama rangi, kama daktari bingwa. Kikombe nilikitia alama ya rangi nyekundu, na bado hadi leo nikinywa chai kwangu nageuza kikombe kwanza.

Wiki ya saba akaleta samaki, perege wadogo ishirini na watano, kutoka kwa mwanamke anayefuga upande wa pili wa mji, tunayemwita Mama Vifaranga. Na spinachi aliyoipanda kwenye kokoto ikashika. Majani yakawa makubwa kama feni. Spana akaacha mkongojo mlangoni. Alinyoa ndevu. Asubuhi nilimsikia akiwasalimia samaki, "Mmeamkaje?" na mimi aliyenipita jikoni hajanisalimia.

Sasa nieleze na mimi nilichokuwa nakiona. Kokoto ziligeuka kahawia, zikavaa ute. Ukigusa, kidole kinateleza kama umeshika ulimi. Bomba lilikuwa na ndevu za kijani. Maji yalinuka mbwa aliyelowa. Chini ya tangi kinyesi cha samaki kinazunguka, kinainuka, kinatua. Na mume wangu anaingiza mkono humo hadi kwenye kiwiko, anaufuta kwenye suruali, anakuja kufunua sufuria yangu. Nilianza kula nimeupa ua mgongo. Nilimwambia tuoshe, akasema, "Hapo hapaguswi." Nikamwambia hata choo huoshwa. Akasema, "Mama watoto, haya ya kwangu usiyajue."

Haya. Siku ya kliniki yake ikafika, nami nilikuwa zamu ya mapumziko. Alipotoka tu nikavaa glavu.

Niliosha kama ninavyoosha wodi anapokuja mkubwa kutoka makao makuu. Nilizima pampu mwenyewe, nikachomoa spinachi nikaziweka pembeni kwenye ndoo, nikachota kokoto zote karai kwa karai, nikaziloweka kwenye klorini, nikazisugua kwa brashi ngumu, nikazisuuza. Nilifyonza kinyesi chote cha chini ya tangi. Kwa muda wa saa nne sikuinua mgongo. Kokoto zikawa nyeupe kama mchele uliopembuliwa. Nilirudisha kila kitu mahali pake, nikawasha pampu, nikakaa kwenye stuli kuitazama kazi yangu. Nilitaka akirudi afurahi. Huo ni ukweli. Ukweli mwingine ni kwamba nilitaka nishinde.

Spana alirudi akitembea mwenyewe. Akapita ukumbini, akafika mlango wa uani, akasimama.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Si unaona panavyopendeza?"

Aliinama, akaokota kokoto moja, akainusa. Nilisubiri kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Ule ute ndio uliokuwa unawasafishia maji," alisema. "Kinyesi kinatoa sumu, ute unaigeuza inakuwa mbolea. Hakuna kingine."

"Si utarudi tu? Uchafu haujawahi kushindwa kurudi."

"Wiki sita. Hawa wameshakufa, mke wangu. Bado hawajaambiwa tu."

Akaingia chumbani. Kitanda kikalia. Nilipomfuata alikuwa ameshageukia ukuta.

Kesho yake samaki walipanda juu, midomo wazi, wanatafuna hewa. Siku ya tatu nilitoa kumi na tisa waliokufa, sita waliobaki nikawahamishia kwenye beseni. Miaka ishirini nimeosha damu na matapishi na mengine nisiyoyataja watu wakiwa mezani, lakini sijawahi kuona kinyaa kama cha siku hiyo nimeshika wale samaki laini, matumbo juu, huku nanusa klorini kwenye vidole vyangu. Kinyaa chenyewe hakikuwa cha samaki.

Wifi alikuja siku ya nne, akachungulia chumbani, akachungulia uani, akaketi.

"Wifi, umempiga ndugu yangu deki."

"Niache."

"Sikuachi. Sita hawa wanaokufa kwenye beseni unawaombea? Nenda kwa yule mama aliyewauza. Mimi nitamwangalia mgonjwa wako."

Kwa Mama Vifaranga unafika kwa pua. Ana matangi ya saruji tisa, maji ya kijani, ndala zinanasa kwenye tope. Nilimweleza nimefanya nini. Alinitazama kama muuguzi anavyomtazama mtu aliyempa mtoto mchanga mafuta ya taa.

"Ulitumia klorini?"

"Ya wodini. Kali."

"Unaona hii?" Akatumbukiza mkono kwenye kitanda chake, akatoa kiganja cha kokoto zinazovuja kamasi, akaniwekea usoni. "Huu ndio mtambo. Pampu na samaki ni wapangaji tu. Nitakupa ndoo mbili za huu. Zako zitoe zote, uzisuuze mpaka harufu ya klorini iishe, maji ya bomba uyaache kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatia. Halafu changanya. Hizi usizioshe. Usiziache zikauke. Ukizionea kinyaa, zionee hivyohivyo zikiwa chafu."

Nilibeba ndoo mbili za kamasi ndani ya basi, mji mzima. Moja iliruka njiani ikanimwagikia kifuani. Mtu aliyekaa karibu nami alihama kiti, na sikumlaumu.

Nilizifuata kanuni zake zote. Ila nilipokuwa nainamisha kitanda cha kwanza kutoa kokoto zangu nyeupe, kiungo cha bomba chini yake kilipasuka. Sikutaka kumwita. Nitamwita niseme nini, njoo nimekuharibia tena? Nikakifunga nilivyojua. Nikamwaga kokoto zenye ute, ngumi yangu mdomoni nisitapike. Nikawasha pampu. Maji yakapanda, na yakaanza kudondoka. Ta. Ta. Ta.

Dirisha la chumbani lilikuwa wazi.

"Nini hicho kinachodondoka?"

Hiyo ilikuwa siku ya sita, na hakuwa amenipa hata "mh."

"Maji."

"Yanatoka wapi?"

"Kwenye kiungo. Kilipasuka. Nimeshakifunga."

"Umekifunga na nini?"

"Na mfuko wa mkate."

Nilikitazama tena kifurushi changu.

"Na kamba ya kiatu," nikaongeza.

Kitanda kikalia. Nikasikia nyayo, moja nzito, moja nyepesi, na akatokea mlangoni na fulana yake ya siku sita, anashika ukuta. Akaja mpaka kwenye kitanda cha kokoto, akainama kwa shida, akatazama kazi ya mikono yangu. Uso ule naujua. Ndio ninaouvaa mimi kila alfajiri ninapofungua vyoo vya wodi ya wanaume.

"Ptuu," alisema. "Mke wa fundi. Mfuko wa mkate."

"Nisamehe."

"Samahani itaziba maji?" Alifungua kile kifurushi changu kwa ncha za vidole, kama kitu kilichokufa, akakitupa mbali. Maji machafu yakaruka. "Ziba hapa. Kwa kiganja, si kwa kidole. Mimi nakwenda stoo kutafuta kipande. Usiachie mpaka nirudi, hata ukiumwa."

Glavu zangu zilikuwa jikoni. Nikaweka mkono mtupu. Maji ya kahawia yakapenya katikati ya vidole, ute ukateleza hadi kwenye kifundo. Nilimsikia akienda kule stoo polepole, anapapasa ukuta, ananitukana kwa kila hatua, sauti yake inazidi kupata nguvu. Nikafumba macho, nikabana kiganja.