Kadi Zilizokauka Kando ya Njia ya Malori

Nilikuwa nimevumilia vumbi kwenye nguo, kwenye sufuria, hata kwenye kichwa cha mtoto niliyemsuka jana yake. Ijumaa ile nilitoka nje nikakuta jina la binti yangu Naomi limefunikwa, na uvumilivu ukaniisha palepale. Jina hilo alikuwa ameliandika tata, baba yangu mzazi, kwenye kadi ya komunio ya kwanza ya mjukuu wake. Mkono wake unatetemeka siku hizi. Alhamisi alilifanyia kazi tangu asubuhi hadi jioni, anaandika herufi, anapumzika, anaandika nyingine. Gundi niliyoipaka juu yake ilikuwa bado mbichi. Lori la madini likapita, vumbi jekundu likajilalia juu yake kama limealikwa.

Ninyi wadogo zangu mnaonunua kadi dukani na kulia bei, acheni kwanza niwaeleze kazi yenyewe, ndipo mtaelewa hasira yangu.

Nilianza nikiwa shule ya msingi. Tata alikuwa mchoraji wa ramani katika biro, ofisi ya mgodi hapa Kolwezi. Mishahara ilipokatika, mama mdogo akajifungua, na sisi hatukuwa na kitu cha kumpelekea. Tata akatoa mabaki ya karatasi nene za ramani, akaniita mezani tumtengenezee kadi.

"Leo weye njo apranti yangu," akasema, yaani mwanafunzi wake wa kazi. "Apranti hagusi mukasi. Anashika kijiko."

Nilidhani ananitania. Kumbe kadi inakunjwa kwa kijiko. Karatasi ina nyuzi kama ubao. Ukiikunja kukatisha nyuzi, inapasuka mgongoni. Kwa hiyo unaipinda kidogo huku na kidogo kule, na upande unaokubali bila kugomba ndio wa nyuzi. Hapo unakandamiza kwa mgongo wa kijiko, taratibu. Maua tuliyakata kwenye vipande vya vikwembe, vitenge vya kwetu, alivyovitupa fundi cherehani. Gundi tulipika kwa unga wa muhogo, nyepesi kama uji wa mtoto, tukaichuja kwa kitambaa. Gundi hiyo haina haraka. Ukiikausha ndani inaota ukungu na kadi inapinda. Inataka kamba, vibanio vya nguo na jua la nje.

Nilipoolewa, kazi ilinifuata Fungurume, ambako mume wangu alitengeneza malori. Majirani walikuja na vikwembe vyao. Mmoja alikata pindo la kile alichovaa siku ya harusi yake, akataka niligeuze ua, ili mama yake kule Mutshatsha apate kuligusa. Nilimwambia ni hasara kuharibu kikwembe kizima. Akanijibu kwamba mama yake hakupata nauli ya kuja harusini. Nikakata ua lile polepole kuliko yote niliyowahi kukata.

Tuliporudi Kolwezi tulipata nyumba kando ya njia ya migodini, na tata akaja kukaa nasi. Mwaka huu, Mama Prezidenti wa wamama wa parokia aliona kadi za komunio dukani zinawashinda wazazi, akanikabidhi mimi za watoto wote. Kila mama alete karatasi na kipande cha kikwembe.

"Mushahara ni bukari," akanionya, akimaanisha ugali, "na hata ile utajipikia."

Sasa sikieni ujinga wangu. Njia yetu ina lori la maji, la kunyunyiza ili vumbi lisiruke. Huwa tunaliona siku kampuni ina wageni. Ijumaa ile lilipita asubuhi, nikafurahi, nikatundika kadi zote, na ya Naomi mwishoni, karibu na uzio wa upande wa njia. Wageni wakaondoka mapema. Jua likakausha njia, lori la maji halikurudi, ya madini yakarudi, kadi nyingine zimeshakauka, ya Naomi bado.

Nilisimama katikati ya njia, mwiko mkono huu, kadi ya Naomi mkono ule. Lori lililofuata likafunga breki, dereva akatoa kichwa.

"Mama, unatafuta lifti ao unatafuta kufa?"

"Natafuta mukubwa yako."

Akanielekeza biro ya mahusiano na jamii. Chef, mkuu wa pale, alikuwa kijana mpole. Aliitazama kadi ya Naomi muda mrefu, akanipa pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Kisha akaharibu.

"Tutakununulia ingine, mama. Ya duka, ya muzuri sana."

Akataka ile ibaki kwake kama ushahidi. Nikamwambia jina lile haliuzwi, na ushahidi ataupata Jumatatu.

Nyumbani, tata alikuwa tayari ameshika kalamu. Naomi akamshika babu yake mkono.

"Usiandike tena, kaku. Hii iko na jina yangu."

Tulipuliza vumbi. Lililoshika lilishika. Jumapili aliibeba kadi hiyo kifuani hadi altareni, na sikuona mtoto aliyebeba nzuri zaidi.

Tata amestaafu mara mbili sasa, mgodini na mezani. Kijiko ni changu. Lakini Jumamosi alikuwa amefanya kazi moja ya mwisho. Alichovya kidole katika gundi akachora nyumba kwenye kadi nyeupe, ukuta umepinda, bati limepinda. Tukaitundika uani. Kufika mchana nyumba ilikuwa inaonekana vizuri, nyekundu yote.

Jumatatu niliipeleka. Chef aliifungua, akasoma ndani, akaifunga akaitazama nyumba iliyo juu yake, kisha akagonga muhuri wa kupokea. Nilikuwa nimeandika hivi:

"Mimi mama Naomi, mkaaji wa kando ya njia yenu, nalalamika rasmi juu ya vumbi. Naomba njia imwagiwe maji kila siku ya kiangazi, si siku ya wageni peke yake. Kadi ya dukani sitaki. Nyumba iliyo juu ni yetu. Tuliichora kwa gundi tupu, tukaitundika asubuhi moja. Rangi ni yenu."