Nilificha Jina, Nikamwanika Ng'ombe

Aibu hii nimeikalia kimya mwezi mzima, na ningeendelea kuikalia kama ninyi wenyewe msingeniuliza kwa nini harusi yangu haina tarehe, basi chekeni mmalize mapema, maana mpumbavu wa mkasa huu ni mimi Mwita, mtu mzima, muuza dawa za mifugo hapa Tarime mjini.

Kulikuwa na bwana mmoja mtandaoni anayejiita mkufunzi wa waandishi (yeye mwenyewe ameandika nini, sijawahi kukiona), akatuambia ukitaka wasomaji andika kila siku, siku mia moja, usiruke hata moja. Na mimi bwege nikaapa hadharani. Nikafungua ukurasa, nikauita Zizi Letu, na kila asubuhi kabla sijafungua duka naandika: leo kupe, kesho minyoo, keshokutwa kichekesho cha wafugaji. Wasomaji wakaongezeka, kichwa kikavimba, ikawa mteja ananiuliza dawa ya kuogeshea ng'ombe namjibu huku macho yangu yako kwenye simu nahesabu waliopenda.

Siku ya sitini na moja nikaamka sina kitu. Mtu mwenye akili angenyamaza siku hiyo moja, nani angekufa? Mimi nikakumbuka kisa alichonisimulia mchumba wangu Nyangi, tena akasisitiza ni siri: mama yake kule Mbalibali alikuwa anampeleka ng'ombe kunywa maji, ng'ombe akatimua mbio, mama akang'ang'ania kamba, akaanguka, akaburutwa kwenye matope, kilemba kikabaki kwenye miiba, naye anamgombeza yule ng'ombe kama anamgombeza mume mlevi. Nyangi alikuwa amenitumia na picha ya ng'ombe mwenyewe.

Sasa oneni ujanja wangu. Nikaandika "mama mmoja wa kijiji fulani". Jina sikutaja, kata sikutaja, nikajiona mwanasheria. Nikamwongezea aanguke mara mbili ili kinoge. Kisha nikaweka ile picha: ng'ombe mwekundu, baka jeupe kwenye paji, pembe moja imepinda mpaka karibu na jicho. Mimi niliyekulia zizini, nikaficha jina la mtu nikamwanika ng'ombe wake, mbele ya watu ambao sura yako wanaweza kuisahau lakini ng'ombe wako wakamtambua hata akiwapa mgongo!

Haikufika saa nne. "Huyu si wa mama Nyangi?" akaandika mmoja. "Ndiye, hata pembe ni ile," akajibu mwingine. Nikafuta. Kufuta nini, walishatumiana mpaka Sirari. Na Jumamosi ya wiki hiyo ndiyo tulikuwa tuende ukweni kupewa tarehe ya harusi.

Tulifika mchana, mimi na baba mdogo. Nikawaamkia wazee shikamoo, marahaba ikaja kwa shida. Baba mkubwa wa Nyangi, Mzee Marwa, hakuuliza hata habari za safari, akatoa simu akampa baba mdogo.

"Soma. Kwa sauti. Mkwe wetu ni mwandishi, na sisi tusikie."

Baba mdogo maskini akavaa miwani akasoma yote, hata pale nilipoandika "kama umecheka mtumie mwenzako". Jamani, kwetu mama mkwe humpi mkono, huketi naye, mkikutana njiani unampisha, na mimi nimemgaragaza matopeni mbele ya dunia nzima. Na kama hiyo haitoshi, ng'ombe wakapita wakitoka mtoni, wa mbele ni yeye, na pembe yake. Wazee wakaangalia simu, wakamwangalia ng'ombe, wakaniangalia mimi.

Baba mdogo alipofika "akaanguka kwa mara ya pili", sauti ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta.

"Nilianguka mara moja!"

Hakuna aliyecheka. Nyangi alikuwa amesimama mlangoni, akanitazama kidogo, akaingia ndani. Hapo ndipo nilipoumia kuliko pote, maana siri ilikuwa yake.

Tarehe hatukupewa. Tulipeleka mbuzi wa kumwomba mama radhi, na jibu lake akaja nalo Nyangi, bila hata tabasamu.

"Mama anasema uliapa siku mia, zimalize. Ila kila asubuhi kabla hujaweka kitu unanitumia, namsomea kwanza. Akipitisha, weka. Tarehe utaisikia siku ya mia."

Basi ndivyo ninavyoishi, mwandishi mashuhuri ninayekaguliwa na mama mkwe. Wale wasomaji wangu waliocheka siku ile, hakuna hata mmoja aliyekuja kunishikia kamba ya mbuzi. Kazi yao kuuliza mbona siku hizi akina mama wote kwenye visa vyangu wana nguvu na hawaanguki. Nawajibu nimefanya utafiti.

Leo ni siku ya tisini na nne. Picha siweki tena, hata ya kuku, na siri ya mtu sitaigusa hata nikiamka sina neno kichwani, bora niruke siku, na mkufunzi akasirike huko aliko. Na haya niliyowasimulia msiyatafute kwenye ukurasa. Niliyatuma juzi. Nyangi anasema mama alisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akasema hayapiti.