Mwanamke Mwenye Mlango Kifuani

Mwaka ule Ferista alipofiwa na mumewe Kefa, kahawa ya Mbozi ilikuwa inaiva, na tangu matanga yaanuliwe hakuweza kutulia. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alikwenda mtoni, akarudi na mtungi mtupu. Kanisani waliendelea kumwita mke wa mzee wa kanisa, ingawa mzee mwenyewe alikuwa kaburini. Na sasa wakwe walitaka arithiwe na shemeji yake, Gwakisa.

"Utabaki mke wetu," mama mkwe alimwambia. "Hakuna kitakachobadilika, mwanangu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomtia kiwewe. Asubuhi alichimba udongo mweupe na mwekundu, akakwangua masizi ya chungu, akaanza kuchora kwenye ukuta wa nyumba. Wanawake wa huko walizoea kupamba kuta kwa mistari na madoa, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa, mpaka picha ilipojitokeza: mwanamke aliyejitwika nyumba kichwani, mwenye mikono sita, kila mkono na kazi yake. Kifuani palikuwa na mlango wazi, na watu wakiingia humo na majembe, vikapu, hata ng'ombe. Uso hakuwa nao. Ferista aliuchora akaufuta, akauchora tena akaufuta, maana kila mara ulitoka uso wa mtu mwingine.

Gwakisa alifika na wazee wa ukoo, mama mkwe akiwafuata nyuma.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Mbona hana uso?"

"Nautafuta."

Gwakisa alicheka kidogo, kisha akawakagua wale watu wadogo mlangoni. "Na mimi ni yupi hapa?"

"Wewe hujaingia, shemeji. Wala hutaingia."

Akachovya kiganja kwenye masizi, akaupaka ule mlango mbele yao mpaka ukawa mweusi tii. Mzee mmoja alitema mate akisema huo ni uchawi. Mwingine akataka ukuta ubomolewe. Mama mkwe alisogea, akagusa mkono mmoja wa picha, ule ulioshika mwiko, akausugua kwa kidole kama mtu anayejaribu joto la uji.

"Mimi pia nilirithiwa," alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Mwacheni aende."

Ferista aliondoka juma lile lile, akaenda Tunduma kwa mama yake mdogo, akawa anauza maharage kwa watu wa pande zote mbili za mpaka. Hakupata utulivu aliotarajia. Alihama kibanda hiki akaingia kile, na usiku bado alishtuka akidhani anaitwa. Lakini hakuolewa tena mpaka alipotaka mwenyewe.

Kiangazi kilichofuata mama mkwe alitokea na mkeka kwapani, akasema amekuja kukaa. Siku ile ile wakaanza kugombana juu ya mahali pa kuweka mafiga.