Tantine Emérita na letre za kuchunga

Kama Papa Edmond angeshinda siku ile, Scrabble yetu, mchezo wa kuunda maneno kwa letre, yaani herufi, ingepanda kamioni na kwenda Walikale kwa mwaka mzima. Mapatano yalikuwa hivyo: sanduku iko moja, klabu ziko mbili, yetu ya Mweso na yao ya kule msituni. Bingwa wa huku anapambana na bingwa wa kule, na mwenye kushinda njo anachunga mchezo.

Bingwa wetu alikuwa Tantine Emérita, mdogo wake mama.

Alipokimbia vita kutoka Muheto, alifika kwetu na gunia dogo kichwani. Tulifikiri ni nguo. Kumbe maharagi ya mbegu, yamepakwa majivu ili wadudu wasiyaguse. Nguo hapana, sufuria hapana, mbegu tu. Na hata tulipolala bila chakula, hakuna aliyethubutu kulifungua. Kwetu milimani, muntu anayekula mbegu amekula mwaka unaokuja.

Lakini kusema, hakusema. Akitoka shambani anakaa chini karibu na ukuta, anaangalia mikono yake. Mpaka Jumapili moja baada ya misa, mwalimu Bienvenu, mwenye kuongoza klabu chini ya hangari, banda wazi la parokia, alikosa mchezaji wa nne.

«Tantine, unajua kusoma Kifaransa?»

«Kidogo.»

«Kidogo inatosha. Ikaa.»

Akakaa. Toka siku ile nilimwona akibadilika. Alianza na maneno ya mchezo, halafu akawa anabishana, halafu akacheka na majirani. Tukilima pamoja, mimi ninapaza sauti, «Maneno ya letre mbili!» naye anajibu neno moja kwa kila pigo la jembe. Kwa hiyo mimi niliogopa kitu kimoja tu: sanduku ikienda Walikale, Tantine atarudi kwenye ukuta wake.

Na alikuwa na ugonjwa wake. Akipata letre ya pointi nyingi, K ao W, anaisukuma pembeni ya kibao chake cha kupangia letre na kuichunga. Mchezo unakwisha, letre iko palepale, na pointi zake zinakatwa.

«Unangoja nini, Tantine?» Bienvenu alikuwa akishika kichwa.

«Nafasi nzuri.»

«Nafasi nzuri ilipita tangu saa ile!»

«Mbegu hailiwi, mwalimu.»

«Ile si maharagi! Hata ungoje mvua zote za Masisi, haitaota!»

Watu walicheka. Yeye hapana. Polepole alijifunza kuachia K, akaachia W, akamshinda hata Bienvenu mwenyewe. Lakini jokeri, ile letre nyeupe inayoweza kuwa letre yoyote, hiyo bado ilimshinda kuiachia. Aliishika kama yai.

Papa Edmond alifika asubuhi na kamioni ya mafuta ya mawese, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Baba yake alikuwa mutegaji wa wanyama, na yeye hakuficha.

«Mama, miye sikimbizi nyama,» alimwambia Tantine wakipanga letre. «Ninafungua njia, ninangoja.»

«Ngoja vizuri, Papa,» Tantine alijibu. «Hapa kwetu kunanyesha.»

Hangari ililipuka kwa kicheko. Nami nilicheka.

Haikuchukua muda tukaelewa mtego wake. Papa Edmond alikuwa mbele, tena aliacha wazi njia ya kwenda kwenye nyumba nyekundu ya kona ya ubao, mraba ule unaozidisha pointi za neno mara tatu. Alikuwa na kitu kikubwa mkononi. Kila zamu aliitupia kona jicho, halafu anacheza pengine, anangoja letre moja iliyobaki imfikie.

Tantine akaingiza mkono mufukoni mwa letre. Nilisimama nyuma yake, nikaiona: nyeupe. Jokeri. Akaisukuma pembeni ya kibao, kwa kidole kilekile cha siku zote.

Nikafunga macho.

«Dakika moja imebaki,» Bienvenu alisema, akiangalia telefone.

Tantine aliangalia kona, akaangalia jokeri. Jasho lilimshuka shingoni. Midomo yake ilikuwa inasogea. Sijui alikuwa anahesabu ao anasali. Halafu akairudisha jokeri katikati ya kibao, akaishika, na kuanzia kwenye nyumba nyekundu akaandika PLUIE, mvua, mpaka kwenye E iliyokuwa tayari pale. Jokeri ikawa L.

Pointi ishirini na moja.

«Aïe!» Mama Josiane, muuza mandazi, alipiga paja. «Jokeri mzima kwa ile tu? Umechinja ng'ombe kwa ajili ya supu!»

Wengine walipiga mluzi. Tantine hakugeuka. Papa Edmond naye hakucheka. Alikuwa anaangalia kona iliyofungwa, na kwa mara ya kwanza alijikuna shingo.

Baada ya hapo alicheza haraka, akitafuta njia nyingine ya kile kitu chake, na Tantine akaziba kila mlango kwa vineno vidogo vya shambani, vya letre mbili, tatu. Mufuko ukaisha. Papa Edmond alikuwa bado mbele. Alibakiwa na letre mbili, Tantine mbili. Zamu ilikuwa ya Tantine.

Aliziweka zote mbili ubaoni, neno lake la mwisho. Mkono mtupu. Mwisho.

«Papa bado yuko mbele kwa pointi sita,» Bienvenu alisema. «Onyesha zilizobaki, Papa.»

Papa Edmond alizigeuza polepole. Z na E. Kumi na moja za kukatwa kwake, kumi na moja za kuongezwa kwa Tantine, kwa kuwa yeye ndiye aliyemaliza letre. Bienvenu alihesabu mara mbili, Tantine mbele kwa kumi na sita, halafu akaacha kalamu ianguke, na hangari nzima ikapiga vigelegele.

Tantine hakuruka. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Huko nje dereva alipiga honi. Papa Edmond alitazama barabara, akatazama sanduku.

«Mama,» alisema, «kule kwetu tutakaa mwaka mzima na mikono mitupu. Dereva anaweza kungoja kidogo. Tucheze hata nusu.»

Tantine akamsukumia mufuko wa letre.

«Anza weye, Papa.»