Debe Lirudi kwa Mwenyewe

Eufrazia wa Buganguzi hakuwa mpole, na mimi niliyekuwa jirani yake miaka ishirini sitamsingizia upole. Alikuwa na mdomo. Lakini siku walipomvunja mkono, mdomo huo ndio uliomwokoa.

Ilikuwa mwaka 1987. Vita vya Amini vilikuwa vimepita, fukusi wakabaki wakila migomba, na dawa ya kuwaua ililetwa kwenye madebe mekundu. Dawa ikiisha, debe lilikuwa mali, maana vyombo vilikuwa adimu kuliko nyama. Tuliyasugua kwa majivu na mchanga, tukahifadhia humo rubisi, pombe yetu ya ndizi. Lile fuvu lililochorwa ubavuni tulidhani ni alama ya kiwanda. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza.

Philbert, mume wa Eufrazia, aliosha debe lake kwa mikono mitupu mara tatu. Siku ya pili alitoka kulima, akanywa kibuyu kimoja cha rubisi iliyolala humo. Saa moja haikupita akaanguka, anatoa povu, anapiga miguu mpaka mlango ukang'oka. Wanaume wanne tuliowaita hawakuweza kumshika. Jua halijazama alikuwa maiti.

Watu wakasema Juliana. Miaka ile hata mtu angekatwa panga, tungesema ameuawa na Juliana, ndivyo tulivyouita UKIMWI. Godoro likachomwa. Siku ya mazishi Projestus, mdogo wake marehemu, alimkokota Eufrazia kwa nywele kutoka kaburini, akamkanyaga mkono mpaka tukasikia mfupa.

"Umemletea kaka yangu Juliana," alisema. "Matanga yakiisha, toka kwenye kibanja chetu cha migomba."

Eufrazia alijibu akiwa chini. "Ni debe, shemeji. Twende Bukoba kwa wenyewe waliouza dawa. Wakilinywea, nitaondoka siku hiyo hiyo na sitadai hata mkungu mmoja."

Tukaenda watatu kwa lori, Projestus akitaka kumwona akiaibika, mimi nikimbebea debe.

Wakala wa kampuni, Karugendo, alitusikiliza akichokonoa meno. "Mama, sisi tunauza dawa. Debe ukishanunua ni lako, na utakachotia humo ni shauri lako. Hilo ni debe tu."

Eufrazia alimwaga maji ndani, akalitikisa kwa mkono mmoja mzima, akajaza kikombe. Kwetu, Mhaya akikupa kinywaji huonja yeye kwanza, hata mgeni akiwa padri, ili ujue hakukuwekea kitu.

"Debe limetoka kwenu," alisema. "Onja."

Karugendo akacheka. Eufrazia akasogeza kikombe mpaka mdomoni kwake. Hapo kicheko kikaisha. Karugendo alimpiga Eufrazia kofi la shavu, kikombe kikaruka, maji yakammwagikia yeye mwenyewe kifuani. Jamani, nilimwona msomi yule akichana shati lake vifungo vikitawanyika, akiita sabuni, akijisugua kifua mpaka kikawa chekundu mbele ya wateja. Kwa ajili ya debe tu.

Projestus alimtazama Karugendo, akamtazama shemeji yake, halafu akaruka kaunta. Alimpiga Karugendo hadi damu ikatapakaa kwenye mifuko, na mimi, Mungu anisamehe, sikumzuia. Polisi walimlaza ndani siku tisa.

Alipotoka hakuomba msamaha kwa maneno. Alipita nyumba kwa nyumba na jembe, akimwaga rubisi ya watu na kutoboa madebe. Wawili walipigana naye. Tulikusanya madebe sitini na moja, tukayarundika kwa lori mbele ya mlango wa wakala, tukarudi kesho yake na mengine. Duka halikufunguka wiki nzima. Mwishowe kampuni ikatuma gari Buganguzi kuchukua yaliyobaki.

Dereva alishuka kijijini akiwa na buti, kitambaa puani, na glavu za mpira mpaka viwikoni. Alishika kila debe kwa ncha za vidole.

"Hizo glavu mmepewa juzi, baada ya fujo?" Eufrazia aliuliza.

"Hapana, mama. Mwaka wa saba huu. Bila glavu haturuhusiwi hata kuligusa."

Eufrazia, ambaye hakulia kaburini wala mkono ulipovunjwa, alikaa chini barabarani akalia, na Projestus akakaa karibu naye.