Inspekta na Oili ya Difu

Mjomba wangu anaitwa Inspekta, na hajawahi kuvaa sare hata siku moja. Ni dereva wa lori aliyestaafu, basi. Jina alipewa na majirani kwa sababu ya macho yake. Ukimletea unga, anauliza nani ameufungua. Ukimsalimia kwa uchangamfu, anataka kujua unataka nini. Akinunua balbu anaijaribu dukani, anaijaribu nyumbani, na bado anaiangalia kwa jicho baya. Mimi ni mtoto wa dada yake, nimekulia kwake, kwa hiyo nina haki zote za kumsema.

Kitu pekee alichokiamini duniani ni pikapu yake. Na hiyo nayo ikaja kumgeuka.

Mkewe ndiye aliyenilea, namwita Mama. Figo zake zilichoka, na kila wiki ni lazima apandishwe hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Hospitali iko juu ya mlima, na njia ya kwenda huko ni udongo mtupu. Mvua ikinyesha, inateleza kama sabuni. Mwanzoni mwa mvua tulikwama pale katikati. Gurudumu la kushoto la nyuma lilizunguka kama limepagawa, la kulia limetulia tuli, halina habari. Tukarudi nyumbani. Kufika kesho yake Mama alikuwa amevimba miguu, viatu vimekataa, na anaongea kwa kukatakata pumzi. Tulipompigia simu, daktari hakumumunya maneno: asije akakosa mara mbili mfululizo.

Ndipo Mjomba akaenda kwa fundi wa difu, zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, pale chini ya mlima. Nilikuwepo. Fundi yule anacheka sana, na kwa Mjomba mtu anayecheka sana tayari ana kesi ya kujibu. Akainua gari kwa jeki, akamwambia ashike gurudumu moja alizungushe. Mjomba akazungusha, na la upande wa pili likazunguka kinyume.

"Umeona, mzee? Difu yako imeachia. Gurudumu moja likikuta utelezi, linazunguka lenyewe, na lile lenye mshiko linabaki kutazama. Zipo difu zenye sahani ndani, zinasuguana ili gurudumu moja lisijiendee ovyo. Ila ya gari lako kuipata ni shughuli, na bei yake usiulize."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakuwekea vipande vya chuma na springi kati ya gia za difu hii hii. Springi inasukuma, chuma kinasugua gia, gurudumu haliponyoki kirahisi. Sikudanganyi, haifiki ile ya ghali. Gurudumu likining'inia hewani, haitakusaidia sana. Ila matope ya mlima huu utapanda."

"Msuguano!" Mjomba akanigeukia. "Unamsikia? Maisha yangu yote napaka grisi nikimbie msuguano, leo huyu ananiwekea!"

Akakubali kwa sababu ya Mama tu. Lakini kabla ya kukubali alizunguka nyuma ya gari, akachukua msumari, akakwaruza alama kwenye bakuli la difu, wasije wakambadilishia. Halafu akakalia pipa, macho kodo, siku nzima. Mama akamletea chakula. Wakati wa kuondoka, Mama alisimama getini na fundi, wakanong'onezana. Mjomba alipogeuza shingo, wakanyamaza.

"Walikuwa wanasema nini?" akaniuliza.

"Mjomba, mimi nitajuaje?"

"Machale yananicheza," akasema, na chakula hakukimaliza.

Jioni ile fundi alimkabidhi ufunguo. "Ukikata kona kali itakoroma kidogo. Iache ikorome. Na oili niliyoweka, mzee wangu, usiiguse."

"Kwa nini nisiiguse?"

"Isije ikateleza sana," fundi akasema, akacheka.

Basi! Kwa Mjomba ile ilikuwa sawa na mwizi kukiri kituoni. Mtu akuzuie kufungua kitu chako mwenyewe? Tulipokata kona ya kwanza, nyuma kukasikika kro-kro-kro. Mjomba akakaza taya. Kona ya pili, kro-kro-kro. Tulipofika nyumbani alikuwa ameshamhukumu fundi bila hata kumsikiliza, na nikiri kwamba mlio ule ulinitia wasiwasi hata mimi.

Kesho yake alikuwa chini ya gari. Alama yake ya msumari aliikuta mahali pake, lakini hiyo haikumtuliza, ikamuudhi zaidi. Akafungua nati, akakinga oili kwenye beseni, akaona vumbi la chuma linametameta ndani yake. "Njoo! Njoo uone! Anaitafuna difu yangu!" Hakwenda kumuuliza fundi, aende akaingizwe mjini tena? Alikwenda dukani, akarudi na oili laini kuliko zote, na juu yake akamimina chupa nzima ya dawa ya kulainisha gia. Akanipakia, tukazunguka mtaa. Kona kali, kimya. Kona nyingine, kimya.

"Unasikia?" akaniuliza, kifua mbele.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo sasa!"

Wiki iliyofuata njia ilikuwa kavu, tukapanda, lakini mashine ya hospitali ilikuwa imeharibika, Mama akarudishwa bila kusafishwa. Wiki ya pili yake ikashuka mvua kubwa. Siku hiyo haikuwa siku ya kukosa, na wote watatu tulilijua hilo tulipojibana pale mbele. Mama alikuwa katikati, anahema mdomo wazi. Tukaanza kupanda. Tulipofika pale pale tulipokwama mara ya kwanza, gari likatetemeka, likasimama. Nikatoa kichwa dirishani. Gurudumu la kushoto linazunguka, linarusha tope hadi usoni kwangu. Nilijisikia kulia.

"Si nilisema!" Mjomba akapiga usukani. "Tumepigwa changa la macho! Huyo fundi nitamkalia kooni!"

Mama akavuta pumzi. "Umebadilisha oili?"

Mjomba akaanza kupangusa kioo kwa kiganja.

"Nakuuliza wewe, baba."

"Ilikuwa inapiga kelele."

"Kelele ile ndiyo ilikuwa inanipeleka hospitali." Akapumzika kidogo. "Vuta hendibreki. Usiifikishe juu, vuta kidogo tu. Halafu kanyaga mafuta polepole."

"Nani kakwambia?"

Jamani! Mkeo anakata roho, wewe bado unafanya upelelezi!

"Fundi. Pale getini. Nilimwambia mume wangu hataacha kuchokonoa, kwa hiyo anipe njia ya kutoka siku atakapochokonoa."

"Gari gani linapanda mlima na breki?"

"Linalozunguka ulizuie, nguvu iende kwa mwenzake." Alikatiza hapo, akatafuta hewa, akaipata. "Kila wiki nawapa watu nisiowajua damu yangu yote. Inatoka mwilini, inazunguka huko kwenye mashine, inarudi. Sijawahi kuitia alama ya msumari. Wewe oili imekushinda."

Mvua ilikuwa inagonga bati la pikapu. Mkono wa Mjomba ukaenda kwenye hendibreki, ukaivuta kidogo. Akakanyaga mafuta kama anakanyaga yai. Harufu ya breki ikatupanda puani. Gari likanguruma, likajivuta, na upande wa Mjomba, kulia, nikahisi gurudumu linauma udongo. Tukapanda. Tulipanda taratibu mno, lakini tulifika, na wauguzi wakamlaza Mama pale pale.

Mjomba hakukaa. Alisema anakuja sasa hivi, akashuka na gari. Nikajua huyo anakwenda kugombana, nikamhurumia fundi wa watu.

Mama alikuwa bado kwenye mipira, damu inakwenda na kurudi, nilipomwona Mjomba kupitia dirisha. Alikuwa anaupanda mlima kwa miguu. Matope magotini, kofia imelowa, kila hatua anateleza na kushika majani. Aliingia wodini anatweta kuliko mgonjwa.

"Gari liko wapi?" Mama akamuuliza.

"Kwa fundi. Lipo juu ya jeki, anatoa ile oili yangu."

"Na ufunguo?"

"Anao."

Mama akageuza kichwa kwenye mto, akamtazama vizuri. "Nani analiangalia?"

Mjomba akavuta kiti karibu na kitanda, akakaa.

"Hakuna," akasema.